Uzi: Ukitaka kushuti video ya 3D, anza na macho ya mtazamaji, kamera baadaye

FremuMbili (#1)

Wakuu, salaam. Nimekuwa msomaji humu muda mrefu kuliko mwandishi, ila hili limenikaa rohoni na naomba mnivumilie, litakuwa refu.

Mwaka jana nilishuti video ya 3D ya fundi wa majahazi kule Nungwi, Zanzibar. Kamera mbili nilizifunga ubavu kwa ubavu juu ya ubao mmoja. Kutoka katikati ya lenzi hii hadi katikati ya lenzi ile ilikuwa sm 14, kwa sababu miili ya kamera ilikuwa mipana na haikukubali kukaribiana zaidi. Fundi alikuwa mita 6 na nusu kutoka kwangu. Mbele yake kulikuwa na gogo la mvule limelala kuelekea kamera, ncha yake mita 3 na nusu, na nyuma yake bahari tupu mpaka upeo wa macho. Niliporudi nyumbani nikaitazama kwenye laptopu kwa ile miwani ya nyekundu na samawati. Ilinipendeza mno. Tezo inapanda na kushuka, nyuzi za kalafati zinaning'inia kati ya mbao, unahisi ukinyoosha mkono utazing'oa.

Baada ya wiki mbili ikaonyeshwa kwenye ukumbi mmoja, skrini ya upana wa mita 4. Dakika ya tatu watu walianza kuvua miwani. Mama aliyekaa safu ya mbele yangu alimfunika mwanawe macho kwa kiganja. Mpaka leo nakiona kile kiganja.

Fokasi ilikuwa sawa, mwanga sawa, video ni ileile iliyonifurahisha mezani. Kilichobadilika ni skrini tu. Nikaanza kusoma na kupima upya kila kitu, na kosa langu nikaliona: nilidhani kamera mbili zinarekodi kina. Hazirekodi kina. Zinarekodi picha mbili bapa, basi. Kina kinatengenezwa kichwani mwa mtu aliyekaa pale, mwenye macho yaliyoachana kiasi fulani, umbali fulani kutoka kwenye skrini ya upana fulani. Hesabu yote inatakiwa ianzie kwake ndipo irudi kwenye kamera. Mimi nilianza na kamera.

Kabla sijaenda mbali, fanyeni jambo moja hapo mlipo. Nyoosha kidole gumba mbele ya uso, funga jicho la kushoto, kisha badilisha, funga la kulia. Gumba linaruka ukutani. Macho ya mtu mzima yameachana kama sm 6.3 kwa wastani, kwa hiyo kila jicho linapata picha yake, na ubongo unatumia tofauti ya hizo picha kujua gumba liko mbele ya ukuta kiasi gani. Mwingereza Charles Wheatstone alilithibitisha hili mwaka 1838. Alichora umbo moja mara mbili, kama jicho la kushoto linavyoliona na kama la kulia linavyoliona, akaweka vioo viwili ili kila jicho lione mchoro wake peke yake. Michoro bapa ikainuka ikawa kitu chenye kina. Upigaji picha ulikuwa bado haujatangazwa, ndiyo maana alitumia michoro. Alichohitaji ni macho mawili yaliyodanganywa kwa ustadi, na kazi yetu leo ni ileile.

Nitaendelea na namba. Wenye maswali karibuni.

Chipukizi_Lenzi (#2)

Mkuu asante kwa uzi. Swali langu la kwanza: kwa hiyo mwenye jicho moja haoni kina kabisa? Babu yangu ana jicho moja tangu ujana wake na anaendesha baiskeli mpaka sokoni na kurudi, hagongi mtu.

TabibuMacho (#3)

Mdogo wangu, umeuliza swali zuri sana, na jibu lake litawasaidia hata hao wanaoshuti. Kazi yangu ni macho, nipo kliniki kila siku, niruhusuni nieleze.

Babu yako anaona kina, ila kwa njia nyingine. Kitu kinachofunika kingine ndicho kilicho mbele. Mtu anayeonekana mdogo yuko mbali, kwa sababu ubongo unajua ukubwa wa mtu. Reli mbili zinakutana kwa mbali, milima ya mbali inafifia na kuwa ya buluu, kivuli kinaonyesha kitu kimekaa wapi. Halafu kuna mwendo: ukiwa ndani ya basi, nguzo za kando ya barabara zinakimbia kurudi nyuma, nyumba za mbali zinatembea polepole, na mlima unaonekana kama unasafiri na wewe. Yote haya yanahitaji jicho moja tu. Babu yako akiwa kwenye baiskeli anasogea muda wote, kwa hiyo dunia nzima inampa vipimo. Mpe sindano atunge uzi, mkono wake ukiwa umetulia, hapo ndipo utaona anapapasa.

Kuona kwa macho mawili ni silaha ya karibu. Mwenye macho mazuri anaweza kutambua tofauti ndogo sana kati ya picha zake mbili, tuchukue sekunde 20 za pembe (nyuzi moja ya pembe ina sekunde 3600). Kwa macho yaliyoachana sm 6.5, hiyo maana yake akitazama kitu kilicho mita 1 anatambua tofauti ya kina ya milimita moja na nusu. Kwa mita 10 anahitaji tofauti ya sm 15. Kwa mita 100, mita 15 nzima. Umbali ukizidi mara kumi, ukali unapungua mara mia. Kwa hiyo mlima huuoni kwa macho mawili hata siku moja. Unauona kwa ukungu wake, kwa ukubwa wake na kwa vilivyo mbele yake.

Na msifikiri ubongo unatambua kitu kwanza ndipo upime kina. Mwaka 1960 mhandisi mzaliwa wa Hungaria, Béla Julesz, aliyekuwa Bell Labs, maabara ya utafiti kule Marekani, alichapisha picha zilizotengenezwa na kompyuta, zimejaa nukta nyeusi na nyeupe bila mpangilio wowote. Ukitazama moja, ni vurugu tupu. Ukizitazama mbili pamoja, kila jicho na yake, mraba unaelea hewani. Hakuna mstari, hakuna kivuli, hakuna umbo la kukisia. Ni tofauti ya mahali pa nukta peke yake, na imetosha.

FremuMbili (#4)

Tabibu, ubarikiwe. Hiyo hesabu ya mita 100 ingeniokolea siku nzima. Niliwahi kupanda kilima kushuti mandhari kwa kamera mbili na nikapata picha bapa kama kalenda ya ukutani. Nikaona dawa ni kuachanisha kamera mpaka nusu mita na zaidi. Kina kikaja, lakini mji mzima ukawa mdogo kama kichezeo cha mezani. Ubongo unajua macho yake yameachana kiasi gani. Ukiupa picha za macho yaliyoachana mara kumi zaidi, unaamua kwamba dunia ndiyo iliyopungua mara kumi. Kwa ramani au uchunguzi wa ardhi hiyo inafaa. Kwa kumwonyesha mtu mji wake, hapana.

Sasa namba nilizoahidi. Chukua nukta moja, tuseme ukucha wa fundi. Kwenye picha ya jicho la kushoto ipo mahali fulani, kwenye picha ya jicho la kulia ipo pembeni kidogo. Umbali kati ya hizo mbili pale kwenye skrini tunauita hapa mwachano. Mwachano ukiwa sifuri, ukucha unakaa juu ya skrini yenyewe. Nukta ya jicho la kushoto ikiwa kushoto ya mwenzake, kitu kinazama nyuma ya skrini. Zikipishana, ya jicho la kushoto ikawa kulia, kitu kinatoka kuja kwako.

Kile kinachozama nyuma kina mpaka. Ukitazama nyota, macho yako yanatazama mbele sambamba, hayaachani zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwachano wa nyuma ukifika sm 6.5 hivi pale kwenye skrini, macho yako sambamba tayari. Ukizidi, unamtaka mtu ageuze jicho la kushoto kwenda kushoto na la kulia kwenda kulia kwa wakati mmoja. Hakuna kitu duniani kinachomfanyia mtu hivyo.

Turudi Nungwi. Nilipanga fundi akae juu ya skrini, mwachano sifuri. Bahari nyuma yake ikapata pikseli 40, kwenye picha ya pikseli 1920. Kwenye laptopu yangu yenye upana wa sm 34, pikseli 40 ni sm 0.7, raha tupu. Kwenye skrini ya mita 4, pikseli zilezile 40 ni sm 8.3. Nilikuwa nayatanua macho ya ukumbi mzima, na yule mtoto ndiye niliyemwumiza zaidi, kwa sababu macho ya mtoto yameachana sm 5 na kidogo tu. Video ileile ukiipeleka kwenye sinema yenye skrini ya mita 10, mwachano ni karibu sm 21.

Kwa hiyo ndugu zangu, msiulize "pikseli ngapi ni salama" bila kutaja skrini. Ukimfikiria mtoto, ukaweka mpaka wa sm 5, skrini ya mita 4 inakupa pikseli 24 za nyuma. Skrini ya mita 10 inakupa 9, haifiki 10. Tisa! Niliandika hiyo namba kwa kalamu kwenye mkono wa tripodi yangu.

BiMkasi (#5)

Nimesoma mpaka hapa nikaona niingie, maana kuediti ndiko ninakokula. Kaka FremuMbili, nina hakika baada ya ule ukumbi ulijaribu kusogeza picha, ya kushoto huku na ya kulia kule, ili bahari irudi mbele. Sivyo?

Niwaambie wenzangu: kusogeza picha ni kuhamisha mzigo, haupungui. Bahari ukiivuta mbele pikseli 18, fundi naye anatoka mbele pikseli 18, na lile gogo ambalo tayari lilikuwa limetoka linakuja puani. Uzito wa mzigo unaamuliwa siku ya kushuti, na umbali kati ya lenzi. Kuna kanuni ya zamani ya wapiga picha za stirio, yaani picha mbili, moja kwa kila jicho: gawa kwa 30. Kitu cha karibu kabisa kikiwa mita 3, lenzi ziachane sm 10, siyo zaidi. Ni ya makadirio, inachukulia lenzi ya kawaida na upeo wazi nyuma, ila inakuzuia kupotea. Kwa sm 14 zako kitu cha kwanza kilitakiwa kuwa mita 4.2. Gogo lako lilikuwa mita 3 na nusu.

Na lina kosa la pili ambalo hujalitaja. Umesema limelala kuelekea kamera. Je, lilikatwa na ukingo wa fremu?

FremuMbili (#6)

Dada, umenikamata. Ndiyo, ukingo wa kushoto ulilikata, na kusogeza nilijaribu usiku uleule.

BiMkasi (#7)

Basi hapo ubongo uliambiwa mambo mawili yasiyopatana. Mwachano unasema gogo liko mbele ya skrini. Ukingo wa skrini unalikata, na Tabibu ameshasema: kinachofunika ndicho kilicho mbele. Gogo haliwezi kuwa mbele ya dirisha na wakati huohuo likakatwa na fremu ya dirisha. Kwenye ugomvi huo kufunikana hushinda mara nyingi, na mtu anabaki na kitu kinachotetema ukingoni asichojua kimemkera kwa nini.

Dawa ipo na ni rahisi. Unaweka ukanda mweusi mwembamba upande wa kushoto wa picha ya jicho la kushoto peke yake. Ukingo wa kushoto wa dirisha unatoka mbele pamoja na gogo, na ugomvi unaisha. Kwa upande wa kulia, ukanda unawekwa kulia kwa picha ya jicho la kulia. Ukumbi ukiwa giza hakuna anayeuona huo ukanda.

Maandishi ya tafsiri nayo ni vilevile. Watu wanayabandika juu ya skrini, mwachano sifuri, halafu mkono wa mhusika unatoka mbele kupita hapohapo. Maandishi yanaufunika mkono ilhali yako nyuma yake. Nikiwa na kazi ya 3D, kila sentensi naipa mwachano wake, naiweka mbele kidogo ya kitu kilicho karibu zaidi katika sehemu hiyo ya picha. Ni kazi ya kuchosha, na sijawahi kuijutia.

Jambo moja zaidi, kukata. Ukitoka kwenye uso uliotoka mbele kwenda mandhari iliyozama nyuma, macho ya mtu lazima yajifungue upya, na huo ni msuli unaofanya kazi. Ukikata hivyo kila sekunde mbili, unambebesha kuni. Kwa 3D naacha kila kipande kiwe kirefu, na pale panaporukwa, nasogeza kina cha vipande viwili taratibu vikutane katikati.

Mwanavoi (#8)

Hamjambo wandugu. Mimi ni mtu wa Voi, Kenya, na mada hii inagusa kwetu kwa njia ambayo wengi hawaijui. Filamu ndefu iliyoanzisha wimbi la 3D Marekani miaka ya 1950 inaitwa Bwana Devil, ya Arch Oboler, ilianza kuonyeshwa Novemba 1952. Kisa chake ni wale simba wawili waliokula wafanyakazi wa reli pale darajani Tsavo mwaka 1898. Sehemu kubwa walishuti California, lakini jina lina neno letu na hadithi ni ya kwetu. Matangazo yake yaliahidi simba kwenye mapaja ya mtazamaji.

Mtambo wao ulikuwa na kamera mbili kubwa zilizotazamana, kila moja ikipiga kupitia kioo chake, kwa sababu zisingeweza kukaa ubavu kwa ubavu. Shida yako ya sm 14, FremuMbili, ndiyo shida yao ya mwaka 1952.

Mzee wa Projekta (#9)

Vijana wangu, nimefurahi. Nilikuwa mwendesha projekta Mombasa enzi za filamu za reli, ile mikanda iliyoviringishwa kwenye magurudumu, niongeze la kwangu. Sinema ya kawaida ilikuwa na projekta mbili, moja ikimaliza reli yake nyingine inapokea, mtazamaji hajui. Kwa 3D ya namna hiyo projekta zote mbili zinafanya kazi pamoja, moja ya jicho la kushoto, moja ya kulia, kila moja na kichujio chake, na watu wana miwani ya polaroidi, inayoachia kila jicho picha yake tu. Hakuna ya kupokea. Ndiyo maana ilibidi mapumziko yawekwe katikati, mpakie reli upya.

Na filamu ilikuwa ikikatika, tulikuwa tunakata kipande kibovu na kuunga. Kwa filamu ya kawaida hakuna anayejua. Kwa 3D ukikata fremu mbili upande mmoja, lazima ukate fremu zilezile upande wa pili, la sivyo jicho moja limetangulia lenzake. Asiyejua hilo aliwaumiza watu vichwa ukumbi mzima, wakalaumu miwani.

FremuMbili (#10)

Shikamoo mzee wangu. Ulichosema kuhusu jicho moja kutangulia ndicho nilichotaka kuandika usiku huu.

Fanyeni jaribio hili. Funga jiwe dogo kwenye uzi, mtu alibembeze kushoto na kulia mbele yenu, liende mstari ulionyooka. Tazameni kwa macho yote mawili, ila mbele ya jicho moja shikeni kioo kimoja cha miwani ya jua. Jiwe linaacha mstari, linazunguka. Linakuja kwako upande mmoja na kwenda mbali upande mwingine. Hili lilielezwa mwaka 1922 na Mjerumani Carl Pulfrich, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya lenzi ya Zeiss kule Jena, na yeye mwenyewe alikuwa amepoteza uoni wa jicho moja. Jicho lililo gizani linapeleka habari kwa kuchelewa kidogo. Jiwe linasogea muda wote, kwa hiyo kuchelewa kunageuka kuwa tofauti ya mahali, na tofauti ya mahali ndiyo lugha ya kina. Ubongo haujui kama tofauti imetoka kwenye umbali au kwenye saa.

Sasa chukua kamera mbili zisizofungamanishwa, fremu 25 kwa sekunde. Zinaweza kupishana nusu ya fremu, yaani milisekunde 20, na hakuna programu ya kuediti itakayokuambia. Mtu anayetembea mita 1.4 kwa sekunde anasogea karibu sm 3 katika muda huo. Hiyo ni karibu nusu ya umbali kati ya macho yake! Akipita kushoto kwenda kulia anazama ardhini, akirudi anaelea. Tezo ya fundi ni mbaya zaidi. Ikishuka kwa mita 5 kwa sekunde inakuwa imehama sm 10, tena kwa wima, jicho moja linaiona juu na lingine chini. Kupiga makofi mbele ya kamera ili uzilinganishe baadaye hakusaidii, kunakupa fremu iliyo karibu tu. Kamera lazima zifungue pamoja, kwa waya wa kuzifungamanisha, au utumie mwili mmoja wenye lenzi mbili.

Chipukizi_Lenzi (#11)

Hapo kwenye wima sijaelewa mkuu. Kwa nini wima ni mbaya kuliko mlalo? Na simu zenye lenzi mbili je?

TabibuMacho (#12)

Macho yamezoea kukaribiana na kuachana kwa mlalo siku nzima, kila unapotazama kitu cha karibu na cha mbali. Kwa wima hayana kazi hiyo. Jicho moja kupanda na lingine kushuka ni uwezo mdogo sana, na mtu akilazimishwa anapata maumivu ya kichwa kabla hajajua tatizo ni nini. Ndiyo sababu kamera zilizogeuzwa zitazamane kwa ndani, kama mtu mwenye makengeza ya ndani, zinaleta shida: pembe za picha moja zinarefuka pale za mwenzake zinapofupika, na pale pembeni wima unaharibika. Ziweke sambamba, halafu kina kipangwe kwa kusogeza picha kama alivyoeleza dada BiMkasi.

Kuna mkwaruzano mwingine ambao hakuna fundi anayeuondoa kabisa kwa skrini ya kawaida. Kitu kikija karibu, macho yanakutana ndani na lenzi ya jicho inabadilika kulenga, vyote pamoja, ni mazoea ya tangu utotoni. Kwenye 3D macho yanakutana kwenye kitu kilichotoka mbele, lakini kulenga lazima kubaki kwenye skrini, huko ndiko mwanga uliko. Mwaka 2008 David Hoffman na wenzake, akiwemo Martin Banks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha majaribio yanayoonyesha kwamba kutofautiana huko kwenyewe kunachosha macho na kupunguza ubora wa kuona. Kwenye sinema, skrini iko mbali, tofauti ni ndogo. Kwenye laptopu au miwani ya VR (ile ya kuvaa usoni yenye skrini ndani), ambayo nyingi zimelengwa umbali mmoja usiobadilika, kitu kikiletwa sm 30 kutoka usoni kinaumiza upesi. Msilete vitu karibu hivyo, isipokuwa kwa muda mfupi.

Na tafadhali, kuna watu ambao 3D haitawafanyia kitu. Mwenye makengeza tangu utotoni mara nyingi ubongo wake umeacha kusoma jicho moja. Sio wote waliokatiwa tamaa: Susan Barry, profesa wa neva kule Massachusetts, alikuwa na makengeza tangu mtoto mchanga na akaanza kuona kina kwa macho mawili akiwa na umri wa miaka 48, baada ya mazoezi. Kitu cha kwanza alichokiona kikielea ni usukani wa gari lake. Mtoto wako akisema haoni chochote kwenye miwani ya 3D, usimwambie ni mkaidi. Mlete kliniki.

Mtaka_Ukweli (#13)

Nauliza kwa nia njema. TV za 3D zilishaachwa, LG na Sony walitangaza kusimama mwaka 2017. Kwa nini tujifunze haya leo?

FremuMbili (#14)

Ni kweli TV ziliachwa, na nyingi ziliponzwa na haya tunayoyajadili. Lakini macho mawili hayajaachwa. Roboti ya upasuaji ya da Vinci, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2000, inampa daktari picha mbili, moja kwa kila jicho, na anashona mshipa kwa kuitegemea. Miwani ya VR yote ni stirio. Canon walitoa mwaka 2021 lenzi moja yenye macho mawili yaliyoachana mm 60, inaingia kwenye mwili mmoja wa kamera, na tatizo la saa linakufa hapohapo kwa sababu fremu ni moja.

Chipukizi, kuhusu simu: iPhone 15 Pro inashuti video ya stirio na lenzi zake zimeachana kama sm 2 tu. Piga mara 30, unapata sm 60. Kwa hiyo inafurahia vitu vya karibu, uso wa bibi akichambua mchele, paka, mikono. Ukiipeleka ufukweni kushuti ngalawa ya mbali itakupa picha bapa. Usiilaumu simu, jirudie kwenye hesabu ya Tabibu.

Chipukizi_Lenzi (#15)

Nimefanya jaribio la jiwe na mdogo wangu. Limezunguka kweli! Nimehamisha kioo jicho la pili, likazunguka kinyume.

FremuMbili (#16)

Nimerudi wakuu, nilikuwa Nungwi. Fundi ni yuleyule, chombo kingine, sasa wako kwenye mbavu.

Safari hii nimekwenda na mtambo wa kioo. Kamera moja inatazama mbele kupitia kioo kinachopitisha nusu ya mwanga, nyingine imekaa juu inatazama chini, kioo kiko katikati yao kwa nyuzi 45. Miili haigusani tena, kwa hiyo lenzi nimeziweka sm 6. Kila kamera inabaki na nusu ya mwanga, na picha ya kioo inatoka imegeuka, unaigeuza kwenye kuediti. Asubuhi nzima iliishia kulinganisha wima. Nilisimamisha mwiko wa mwashi mita 2 na mwingine mita 10, nikawa nasogeza kamera kwa ukucha mpaka vikapatana juu na chini kwenye picha zote mbili.

Ikatokea jambo ambalo sikulitarajia. Bahari nyuma ya fundi ilikuwa inameremeta kwenye jicho moja, na kwenye jicho la pili imekufa, kijani kizito. Kioo kinapitisha zaidi mwanga unaotetema kwa mwelekeo mmoja na kurudisha ule wa mwelekeo mwingine, na mwanga unaoakisiwa na maji tayari una mwelekeo wake. Ukitazama kwa macho mawili, maji yanachemka, ubongo haujui ushike lipi. Nilizungusha mtambo mpaka jua likawa begani kwangu badala ya usoni, mng'ao ukaondoka kwa macho yote mawili. Nimepoteza bahari inayong'aa, nimepata bahari inayotulia.

Namba: fundi mita 6 na nusu, mbao ya kwanza mita 3 na nusu kama mara ya kwanza, kwa makusudi. Kutoka ncha ya mbao mpaka upeo wa bahari ni pikseli 32, zilikuwa 75. Bahari peke yake ni 17. Kwenye skrini ya mita 4 hiyo ni sm 3 na nusu, hata mtoto anapita salama. Kwenye mita 10 bado ni karibu sm 9, kwa hiyo naandaa faili la pili, limesogezwa pikseli 8 ili bahari ibaki 9. Dada BiMkasi, ncha ya mbao bado inagusa ukingo wa kushoto kwa sekunde nne hivi, kuanzia dakika 2:10. Nitakutumia hicho kipande kesho asubuhi uniwekee ukanda.

BiMkasi (#17)

Tuma yote mawili, la mita 4 na la mita 10. Ukanda wake hautakuwa sawa.